Mzee Eleodoro Barría, Aliyetupiga Picha Rilán

Mzee Eleodoro Barría Cárcamo alizaliwa tarehe 3 Julai 1938 hapa Rilán, kisiwani Chiloé, mtoto wa nne wa mzee Belisario Barría na mama Zunilda Cárcamo. Nimepewa mimi, binti yake, kusoma wasifu huu kwa sababu ndimi niliyebaki naye. Mnajua pia kwamba wadogo zangu walitaka picha zake zote zihamishiwe Santiago, nami sikutaka. Alivyoamua mwenyewe nitasema nikifika mahali pake.

Alisoma shule ya parokia hadi darasa la nne, akaacha kwa kuwa viazi vilihitaji mikono. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa padri wa wakati ule, na padri mwenyewe alikuwa akikiri.

Mwaka 1955 alikwenda Patagonia kukata manyoya ya kondoo, kama walivyofanya wanaume wengi wa hapa. Wenzake walirudi na redio na viatu virefu. Yeye alirudi mwaka 1961 na kamera kuukuu aliyoachiwa na Mkroatia mmoja wa Punta Arenas. Babu aliitazama, akauliza kama inakamuliwa au inataga. Tangu hapo baba alipiga harusi zenu, ubatizo wenu, nyumba za mbao zikivutwa nzimanzima na ng'ombe kuhamia upande wa pili wa kilima, na wafu wenu kabla jeneza halijafungwa. Ni vigumu kupata nyumba hapa isiyo na kazi yake ukutani.

Tarehe 16 Februari 1963 alimwoa Uberlinda Nahuelquín katika kanisa hili hili. Walijaliwa watoto watatu: mimi Otilia, kisha Abdón na Gastón. Mama alipougua mgongo mwaka 1974 niliondolewa shule nikiwa darasa la tatu, kwa sababu vyombo vya picha vilitaka mbebaji na nyumba ilitaka mpishi. Wadogo zangu walisoma, mmoja ni mhandisi, mwingine mhasibu, na mashati waliyovaa kwenda shule mjini Castro niliyafua mimi. Baba hakuwahi kukanusha hayo.

Hata hivyo tulicheka sana katika familia ile. Jumapili za kiangazi alifunga viazi na mablanketi, akatuchukua wote: Cucao kutazama mawimbi, msituni kufuata ndege, ufukweni kuchimba kome. Hakupenda watu wasimame kama nguzo. Alingoja mpaka tusahau kwamba yupo, ndipo apige.

Februari 1979 alitupeleka kijisiwa cha Pelún, ambako mtu huvuka kwa miguu maji yakipwa. Jedwali la maji kupwa na kujaa huchapwa kwa saa za majira ya baridi, na kiangazi, saa za nchi zinaposogezwa mbele, kila nyumba huongeza saa moja. Mama alishaongeza kwa penseli. Baba naye akaongeza kichwani. Tulichimba shimo, tukapika kwa mawe ya moto, tukala mpaka mikanda ikalegezwa. Tulipoinuka kurudi, njia yote ilikuwa bahari.

“Mama Oti, hii saa uliiongeza wewe?”

“Niliiongeza.”

“Si ungeniambia?”

“Tangu unioe, lini umeniuliza kitu?”

Baba alicheka mpaka akakaa mchangani. Mama alinuna, akashindwa kujizuia akacheka, kisha akanuna tena. Tukalala huko huko. Asubuhi, kabla hatujavuka, baba aliwaweka mama na wavulana juu ya jabali wakiwa wamejifunga mablanketi, akaitega kamera ipige yenyewe, akakimbia kukaa nao. Mimi nilisimama pembeni, nje ya picha, nikiwa nimeshika shuka jeupe, kuwarudishia mwanga usoni. Nyuma ya picha hiyo aliandika: Familia nzima, Pelún.

Mama alitangulia mwaka 2004. Mapafu ya baba yalianza kusumbua mwaka 2017, na majira ya baridi ya mwaka huu hayakumruhusu kutoka kitandani. Mwezi Agosti wadogo zangu walikuja. Abdón alimweleza kwa upole kwamba unyevu wa hapa utazila picha, na kwamba Santiago wapo watu waliosomea kuzitunza. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akaomba aletewe ile ya Pelún.

“Abdón, hapa shuka alishika nani?”

“Sijui, baba. Labda mama.”

“Mama yako huyu hapa, kanuna.” Akapumzika kwanza. “Kuna mtu alikuwa anawaangazia nyuso zenu, na mimi nikaandika familia nzima. Niliandika vibaya. Picha ni za Otilia. Akitaka kufunikia viazi, shauri yake.”

Gastón alisema ni haki. Abdón alitoka kwenda kupasua kuni, akapasua za kututosha mwezi. Mimi nilimpelekea baba chai yake ya maté, akainywa yote.

Alifariki nyumbani, bila maumivu, alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 81.

Ameacha binti mmoja, wana wawili na wake zao, wajukuu watano, na dada yake Hortensia wa Chonchi. Sala za siku tisa zinaanza leo jioni nyumbani kwetu. Supu ipo, mkate wa viazi upo, na picha zimepangwa mezani, mahali pakavu. Kila mtu ajitafute. Mkiona sura msiyoijua, niulizeni. Hakuna picha itakayotoka mlangoni.

Mungu ampe mzee wetu usingizi mtulivu.