Kamera Iliyorudi kwa Fundi

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kinyozi, na mimi muuza magazeti ndiye ninayelikalia kuliko wote, kwa hiyo msiniambie sikusikia vizuri. Asubuhi hiyo Flashi, mpiga picha wetu, alikuja kavimba kwa hasira, mkononi kamera ya mkanda aliyoachiwa na marehemu baba yake. Pazia lake la ndani, lile linalopitisha mwanga hadi kwenye mkanda, lilikuwa linafunguka na kujifunga polepole kuliko namba za kasi zinavyosema. Kabla ya hapo fundi wa mtaa wa pili alisafisha mafuta yaliyoganda, akakaza springi, akasema sasa kasi ni sawasawa. Flashi akaenda nayo kwenye harusi ya mpwa wake. Picha zote giza.

— Bibi harusi hana uso, jamani! Dada yangu hasemi nami.

— Kaiba springi huyo, — akasema Kinyozi. — Kakuwekea ya redio.

— Mimi nilimshtukia zamani, — nikasema. — Mtu anainama mezani saa nzima? Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Springi kitu gani? — akadakia Injinia, ambaye hajawahi kutengeneza kitu kikapona. — Anaiba mwanga. Leo wako, kesho wa mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mwanga aupeleke wapi? — akauliza Kinyozi.

— Wewe unadhani duka lake linang'aa vile kwa umeme gani?

Tukaguna. Kwa kweli lilikuwa linang'aa.

— Ndiyo maana jana nimemwita mwizi mbele ya wateja wake, — akasema Flashi. — Akainamia meza yake tu. Ajibu nini?

Mama mmoja, mgeni, alikuwa amesimama kununua gazeti.

— Samahani, kaka. Kamera ilipokuwa mbovu, picha zilitokaje?

— Safi! Miaka ishirini!

— Zilitokaje safi na kamera mbovu?

Injinia akakorogakoroga kahawa isiyo na sukari. Flashi akainua kamera alenge, na vidole vyenyewe vikazungusha pete ya lenzi, vikabana tundu la kuingizia mwanga hatua mbili. Akaviangalia.

— Pazia lilikuwa linachelewa, mwanga unazidi, — akasema taratibu. — Baba alinifundisha kubana tundu. Na harusini… pazia limeshapona, nami nimebana vilevile. Yallah! Nimemvunjia mtu heshima bure.

Akasimama.

— Nilimtukana mbele ya watu, nitamwomba radhi mbele ya watu. Haya, twendeni wote.

Ghafla Kinyozi akasikia mteja anamwita ndani. Injinia akakumbuka waya wa kuunga. Na mimi, aibu yangu, nikafunua gazeti nikaficha uso.