Dada Aliyetusikia Siku Sabini na Moja

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, na ninasoma haya kwa agizo lake mwenyewe, sababu mtaisikia.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Mwiko, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, akasoma mpaka darasa la saba, mwaka 1979 akaajiriwa kuwa mpishi wa shule ya bweni, na tarehe 14 Juni 1981 akafunga ndoa na fundi seremala, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa mabinti wawili.

Jikoni kwake chakula hakikutoka kabla hajakionja, hivyo tarehe 2 Mei 2003, shule ilipoletewa zawadi ya chupa za maharage yaliyosindikwa nyumbani, alifungua moja, akalamba ncha ya kijiko, hakuipenda ladha, akaamuru zote zitupwe. Watoto walikula wali mtupu, wakanuna, wakalala salama.

Kesho yake yeye alianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikaanguka, ulimi ukawa mzito, na kufikia jioni pumzi ikakatika, akalazwa chumba cha mahututi, akachomwa dawa ya kuzuia botulini, sumu iliyokuwa kwenye yale maharage, mashine ikampumulia siku sabini na moja. Daktari alituonya kwamba sumu imefunga misuli tu, akili iko macho, tuongee naye. Mimi sikuamini. Siku ya ishirini, nikiwa kando ya kitanda, nilimwambia shemeji kwamba dada ameshaondoka, tuombe mashine izimwe. Shemeji alikataa katakata, na muuguzi aliyekuwa akimgeuza dada akamfunua kope kwa vidole, akamwomba atikise kidole gumba cha mguu kama anatusikia, kikatikisika. Nilitamani ardhi inimeze.

Alijifunza kupumua upya, dakika tano, kumi, kisha saa nzima, Januari 2004 akarudi jikoni, akastaafu 2018, akalea wajukuu watano, na kila nilipomtembelea aliniuliza kama nimekuja kuzima mashine, kisha akanipakulia mimi kwanza. Moyo ulimsumbua tangu mwaka jana, akafariki tarehe 11 Agosti 2024, ameshikwa mkono na mumewe. Aliagiza niyaseme haya mimi, ili mwenye mgonjwa asiyefumbua macho aongee naye vizuri.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wapishi wenzake, na yule muuguzi, ambaye yupo nasi hapa.

Dada, safari hii nimemuuliza daktari mara tatu kabla sijakubali kwamba umeondoka. Basi pumzika, dada yangu, pumzika kwa amani.