Wadhamini wa Kitasa

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, kwenye kona ambako jua la asubuhi huchelewa kufika, kwa hiyo tukishakaa hatuna haraka ya kuondoka. Mimi nashona viatu hapohapo. Mikono ina kazi, masikio yako huru. Kinyozi mwenyewe tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kutamka neno "sijui". Jirani yake ni Dereva, aliyestaafu malori lakini bado anaongea kwa sauti ya kushindana na injini. Kahawa ni ya Bi Birika, mwanamke wa maneno machache na vikombe vidogo. Mwisho wa benchi, kwenye ubao uliobonyea, hukaa Kitasa, fundi wa makufuli na vitasa vya milango. Mtu mpole, mtaratibu. Tatizo lake ni moja tu: anatoka ule mji ambao watu wakiutaja hujipapasa mifukoni.

Asubuhi hiyo alifika amechoka, na kazi hata hajaianza. Alitusimulia polepole, kama mtu anayesimulia ugonjwa wa siku nyingi. Bweni la wasichana wa chuo linabadilisha vitasa vya vyumba vyote. Msimamizi wake, mama mmoja mwenye heshima zake, alikuwa amekwisha kuikagua kazi ya Kitasa na kuipenda, ikabaki kupanga siku ya kuanza. Ndipo akamuuliza kwao wapi.

— Ukamwambia? — Dereva akauliza.

— Nikamwambia. Sasa nimkane mama yangu na mji alionizalia?

— Akasemaje?

— Mkoba wake ulihama bega, ukaenda upande ulio mbali nami.

Tuliguna wote. Kazi kama ile fundi huipata mara moja maishani. Ukiaminiwa milango ya mabinti wa watu, baada ya hapo hakuna anayekuuliza kwenu wapi. Wanakuuliza utakuja lini. Kitasa aliijua thamani yake kuliko sisi. Yule mama alikuwa amemwambia atapita hapa kijiweni asubuhi hiyohiyo, awasikie watu wanaomfahamu.

— Ndugu zangu, nawaomba kitu kimoja, — akasema. — Akija, semeni mnachokijua. Msiongeze.

Kutuomba sisi tusiongeze ni sawa na kumwomba Bi Birika asitie maji kwenye kahawa.

Dereva ndiye aliyeanza. Alisema kwanza lazima tuwe na jibu la kitaalamu, kwa nini watu wa mji ule wana jina baya, maana yule mama hawezi kuridhika na "hapana" peke yake. Yeye alikuwa amepita kule na lori, hakushuka, lakini alipita.

— Ni maji, — akasema. — Maji ya kule yana chuma. Mtoto anayanywa toka hajaota meno. Akikua, vidole vinavutwa vyenyewe na vitu vya chuma. Sufuria, redio, baiskeli. Si wizi ule, ni maumbile. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo methali haihusiki, — nikamwambia.

— Ina maji au haina?

Profesa akaweka mkasi chini, na mteja wake akabaki kichwa upande mmoja kimenyolewa, upande wa pili kinasubiri elimu. Akasema maji ni hoja ya wasiosoma. Chanzo ni ujenzi. Aliyeuchora mji ule alikuwa mtu wa haraka, akasahau milango. Watu wakakaa vizazi na vizazi katika nyumba zilizo wazi, huyu anachota chumvi kwa yule, yule anachukua ngazi ya huyu, hakuna anayebisha hodi kwa sababu hakuna pa kubisha.

— Kwa hiyo hawajui wizi ni nini, — akamalizia. — Hawakufundishwa. Na ndiyo maana huyu bwana amekuwa fundi wa vitasa. Anatubu kwa niaba ya mji mzima. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Babangu pia alikuwa fundi wa vitasa, — Kitasa akasema. — Kulekule. Na milango ipo.

Hakuna aliyemsikiliza. Wakati mwingine nadhani tulimpenda zaidi akiwa amenyamaza.

Bi Birika akamimina kahawa, akasema sisi tunazunguka mbuyu. Mama wa watu akija aambiwe neno moja tu, kwamba huyu si kama wenzake. Samaki mmoja akioza wote wameoza, sawa, lakini huyu hakuwa ndani ya tenga. Tukampongeza Bi Birika. Dereva akampiga Kitasa begani na kumwambia kwa mapenzi yote:

— Unaona? Wewe si kama wenzako.

Kitasa alikizungusha kikombe mkononi.

— Hilo nimeambiwa mpaka najiuliza hao wenzangu ni akina nani. Dada yangu anayefuma masweta? Mzee wetu wa jirani, aliyekuwa akilala na funguo za mtaa mzima, watu wakisafiri wanamwachia? Mimi ni kama wao. Kila nilicho nacho nimekitoa kwao.

— Ndiyo unyenyekevu wenyewe huo, — akasema Profesa.

Hapo nilimhurumia kwelikweli. Mtu huyu suruali yake ya kazi haina mfuko hata mmoja. Aliipeleka kwa mshonaji mifuko yote ikazibwa. Akifunga kitasa, humtaka mwenye nyumba asimame aitazame mikono yake mwanzo hadi mwisho. Akichonga funguo, hazigusi tena. Mwenye mlango ndiye anayeziokota mezani. Niliwahi kumwambia hiyo ni kujitesa bure. Akanijibu kwamba inachosha, ndiyo, lakini kuulizwa baadaye kunachosha zaidi.

Yule mama alifika wakati Dereva amerudi kwenye maji na sasa anayahusisha na mwezi. Mkoba ulikuwa kwapani. Tukainuka, tukamwamkia, tukampisha palipo laini. Kitasa alisimama kando, mikono mbele, kama alivyozoea kusimama. Bi Birika akamletea kikombe.

Kwa haki ya Mungu, tulimsifu. Dereva alisema huyu bwana ni ndugu yake wa tumbo moja, wametofautiana mama tu. Profesa alisema angeweza kuweka shingo yake juu ya meza. Mimi nilisema tumekaa naye miaka na hajawahi kuchelewesha hata deni la kahawa. Bi Birika akaitikia kwa kichwa. Tulikuwa tunasema kweli, na yule mama alianza kulegea. Mkoba ulishuka kutoka kwapani ukakaa mapajani.

— Nimefurahi, — akasema. — Na mimi sipendi kumhukumu mtu kwa kwao. Basi nataka nikaione kazi yake ya siku nyingi, jinsi inavyostahimili. Milango ya kwenu hapa, ni upi aliotia kitasa yeye?

Lilikuwa swali la kawaida kabisa.

Profesa aliutazama mlango wa saluni yake, ambao kitasa chake kipya kilikuwa kinameremeta nyuma ya kichwa cha yule mama, kazi ya fundi aliyemwita kutoka mtaa wa mbali. Dereva akakohoa, kwake alifunga komeo mwenyewe, likakaa upande. Bi Birika akainamia jiko. Na mimi, kufuli la kibanda changu lilipogoma, nililivunja kwa nyundo siku ambayo Kitasa alikwenda msibani, na jipya nililinunua kabla hajarudi.

Yule mama alitutazama mmoja mmoja, akisubiri. Hakuwa na haraka. Kisha akainywa kahawa yake mpaka mwisho, akainuka.

— Nilikuja na wasiwasi wangu ili mnitoe, — akasema bila ubaya. — Mmenionyesha wa kwenu.

Alimwomba Kitasa radhi, akasema atafikiri, na sote tulijua kufikiri huko kunaishia wapi. Mkoba ukapanda begani akaondoka.

Dereva ndiye aliyejaribu, na safari hii kwa sauti ya chini.

— Kitasa, ndugu yangu. Unajua lakini sisi tunakupenda.

— Najua, — akasema Kitasa. Alikuwa anakusanya tupa zake, moja moja, bila hasira yoyote. — Ndiyo maana sikuwahi kuwauliza swali lile.