Siku Bi Isono Alipoutowesha Ukumbi Mzima

Mheshimiwa Diwani Hirose, uliyekuja kwa niaba ya Meya wetu. Waheshimiwa wenye kumbi za maonyesho za hapa mtaani Dotonbori. Ndugu wasanii wenzangu. Na ninyi wa ghorofani, mlioanza kushangilia kabla sijafungua kinywa: nawasalimu nyote kwa heshima, na kwa furaha inayotaka kunipasua kifua!

Mimi ni Kumakichi, mpiga ngoma. Kusema si kazi yangu. Lakini leo Bi Isono anastaafu, na ni nani mwingine hapa aliyekuwa naye jukwaani tangu enzi za kusukuma mikokoteni mji hadi mji?

Ninyi mnamjua kama Ranzan, bingwa wa kiinimacho, anayerusha maji kutoka kwenye ncha ya upepeo. Je, mnajua jina hilo alilipataje?

Alikuja kwetu akiwa msichana, binti wa muuza tofu, ile jibini ya soya, wa mji wa Otsu. Mwalimu wetu, Ranzan wa kwanza, alimpa kazi ya kushika mwavuli na kutabasamu. Siku moja Isono akamwambia, "Mwalimu, niache nirushe vipepeo vya karatasi, mara moja tu."

"Wewe? Watu wanakuja kumwona Ranzan. Shika mwavuli."

"Mwavuli hata nguzo inaweza kuushika, Mwalimu."

"Ndiyo, na nguzo haibishi!"

Kisha tukaenda Kyoto, kiangazi, onyesho la mchana. Ukumbi ulikuwa wa mbao, umejaa familia hadi ukutani, mlango mmoja tu kule nyuma, tena mwembamba. Mwalimu akiwa katikati ya mchezo, taa ya mafuta ikaanguka nyuma ya jukwaa. Nikaona moshi ukitambaa darini. Mwalimu naye akauona, akaganda, kinywa wazi. Ndugu zangu, fikirini: mtu mmoja angepiga kelele ya "moto", wangapi wangekanyagwa pale mlangoni?

Isono akautupa mwavuli, akasogea mbele.

"Mabibi na mabwana! Mmezoea kutuona tukitowesha njiwa. Leo nawatowesha ninyi! Kumakichi, ngoma!"

Nikapiga.

"Safu ya nyuma, simameni, tokeni taratibu... Haya! Wameyeyuka! Safu inayofuata!"

Mzee mmoja akang'ang'ania mkeka wake. "Mimi sitoweki, bado nakula!"

"Babu, toweka na chakula chako!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakatoka safu kwa safu, watoto mabegani, wakitaniana, wakidhani hata moshi ni sehemu ya mchezo, huku moto ukilamba boriti juu ya kichwa cha Isono, naye akijipepea kama mtu anayelalamikia joto la kiangazi! Nani kati yetu angeweza? Mimi nilitaka kukimbia, nawaambia kweli. Macho yake ndiyo yaliyonizuia.

Safu ya mwisho ilipotoka, alimkamata Mwalimu mkanda wa vazi lake, akamburuta hadi nje. Paa likaporomoka nyuma yetu.

Kicheko kikakatika. Wakageuka, wakatazama, wakaelewa. Yule mzee akaweka chini chakula chake, akainama hadi paji la uso likagusa ardhi. Vifaa vyetu vyote viliteketea, lakini hakufa mtu. Hakufa hata mmoja!

Mwalimu akapiga magoti vumbini mbele ya umati. "Ranzan ni huyu," akasema. "Mimi nilisahau hata kwamba nina miguu."

Na Isono, mweusi kwa masizi, akajibu nini? "Inuka, Mwalimu, unachafua vazi. Jamani, hakuna mwenye maji ya kunywa?"

Mheshimiwa Diwani, ndugu wageni, huyo ndiye tunayemuaga. Leo jina la Ranzan analikabidhi kwa mwanafunzi wake, Bi Onobu, huyu aliyepauka kwa woga kando yangu. Usiogope, binti, jina hili halikuchagua mtu asiyeogopa, lilimchagua aliyewatazama watu kwanza.

Basi simameni nyote! Pigeni makofi hadi majirani wa ukumbi wa pili waje kulalamika! Nawashukuru kwa kunitegea masikio. Sasa niruhusuni nirudi kwenye ngoma yangu, maana Ranzan mpya anapanda jukwaani.