Kila Nyama na Chupa Yake

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano, na mke wangu ameniambia nisizidishe maneno, kwa hiyo nina mabosi wawili hapa. Nitajitahidi.

Mimi ni mchoma nyama. Kuchoma nilijifunza nyumbani Ulemo, lakini kilichonileta kwenye kikundi hiki cha kuacha pombe nilijifunza hapa mjini Singida, kwenye hoteli moja ambayo sitaitaja, maana hoteli haina kosa. Meneja alikuwa mama mmoja mwerevu. Aliona wateja wenye magari makubwa, wakandarasi na wanunuzi wa dhahabu wa kule Sekenke, wanapenda kula nyama kwa mbwembwe. Akaleta utaratibu wa kila steki kuwa na pombe kali yake, na mimi akanipa kazi ya kupita mezani kuwaeleza wateja.

Ndugu zangu, sitawaficha, ile kazi niliipenda. Fileti ni laini, haina mafuta, haina makuu. Ukiipa wiski nzito, huisikii tena mdomoni, kwa hiyo nilikuwa naipa jini yenye ndimu. Steki ya mgongo, ile yenye utepe wa mafuta pembeni, hiyo ndiyo ya wiski, kwa sababu wiski inayakata yale mafuta. Steki ya pajani ni ngumu kidogo, inataka brandi, kitu chenye utamu. Ya mfupa nilikuwa naiwekea wiski inayonukia moshi. Naona kuna watu wanameza mate hapa. Mezeni tu, lakini mkitoka hapa nendeni moja kwa moja nyumbani.

Sasa huwezi kumsifia mtu kitu usichokijua. Ilibidi nionje. Nilionja kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kwa kila aina ya nyama, nikisema ni kwa ajili ya kazi. Mke wangu aliponiuliza mbona nanuka, nilimjibu kwa utulivu kabisa, "Mama, mimi sinywi. Naonja." Akaniambia, "Basi onja na uji wa watoto, nao una ladha." Nikacheka. Nikamwona hajui kazi za mjini.

Miaka mitatu nilijihesabu kuwa si mlevi kwa sababu sikuwahi kukaa kwenye kiti nikawekewa glasi. Nilikunywa nimesimama, nimevaa aproni nyeupe. Kifuniko kikawa kikombe cha chai. Asubuhi mikono ilitetemeka mpaka nionje, ndipo kisu kitulie. Halafu ulimi ukafa. Natia chumvi, sisikii kitu. Naongeza, sisikii kitu. Siku moja mteja akarudisha sahani, akasema nyama hii hailiki. Nikagombana naye mbele ya watu, nikamwambia tatizo ni yeye kula fileti na soda. Meneja akaniita ofisini, akaniambia kwa upole nikapumzike nyumbani. Sikuitwa tena.

Nikarudi Ulemo. Nikawa nachoma nyama siku za mnada, chupa ndogo iko kwenye mfuko wa koti. Ndipo binti yangu mkubwa akachumbiwa.

Hapa nieleze kidogo, maana tumechanganyika na kila ukoo una taratibu zake. Nyumbani kwetu, ng'ombe akichinjwa kwa shughuli ya binti, nyama zina wenyewe. Kuna ya bibi, kuna ya shangazi, kuna ya waliochinja. Nyama ya mgongo ni ya mjomba. Anapelekewa nzima kwenye sinia kabla mgeni yeyote hajala. Akishaipokea, anasimama, anambariki binti, na mazungumzo ya mahari yanaanza. Asipoipokea, hakuna mazungumzo. Haya nayajua tangu utoto. Baba yangu alinifundisha kugawa nyama kabla hajanifundisha kuichoma.

Siku ya mahari, kaka wa mke wangu, yaani mjomba mwenyewe wa binti, alitoka Mgori alfajiri, amevaa koti lake la kanisani. Upande wa kijana walikuja watu kumi na wawili, watu wasiogusa pombe kabisa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na nyama, na nilikuwa nimeanza kuonja tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilipofika kwenye nyama ya mgongo, nikauona ule utepe wa mafuta. Sikumkumbuka shemeji yangu hata kidogo. Nilikumbuka wiski. Nikaikata steki za unene wa vidole viwili, kama hotelini, nikachoma, nikapanga kwenye sahani, nikawapelekea wageni. Kisha nikasimama mbele yao na chupa mkononi, nikaanza kuwaeleza kwa nini nyama hii inakwenda na kinywaji hiki. Mzee wao mmoja akawa anatazama viatu vyake. Nilipita mbele ya shemeji mara mbili na sahani. Mara ya pili nikamuuliza yeye atatumia kinywaji gani.

Akasimama. Hakusema neno baya. Alimuaga dada yake, akachukua kofia yake, akaondoka. Wageni walipoona mjomba ameondoka, wakaomba udhuru, wakasema watarudi siku nyingine, bila kusema siku gani.

Binti yangu alikuwa na kitenge kipya alichoshonewa kwa siku hiyo. Alikuwa anakusanya sahani. Nikamwambia wale watu hawajui kula. Akanijibu bila kupandisha sauti, "Baba, mjomba ulimsahau. Chupa hukuisahau." Akaendelea kukusanya sahani. Nilitafuta hasira nikaikosa. Niliona aibu tu, aibu ambayo hata nilipokunywa usiku ule haikuondoka.

Siku ya tatu mke wangu alinipeleka Mgori. Nasema alinipeleka, kwa sababu mimi peke yangu nisingefika. Tulimkuta shemeji anapepeta alizeti. Nikapiga magoti, nikamwambia nimekuja kulipa, kama ni mbuzi, kama ni ng'ombe, aseme yeye. Akaniinua.

"Shemeji, nyama nimekula nyingi," alisema. "Siwezi kugombana na mtu kwa nyama. Kilichoniuma ni kwamba ulinitazama usoni ukaniona mteja."

Akaniambia nikiacha pombe, yeye atakuja Ulemo mwenyewe bila kuitwa mara mbili. Akatupa maji ya kunywa, akarudi kwenye alizeti yake.

Nilijaribu kuacha peke yangu. Siku ya pili nikaanguka uani, natetemeka mwili mzima, naona vitu ambavyo havipo. Hospitali waliniambia mtu aliyekunywa kama mimi haachi peke yake, anasaidiwa, na wakanilaza. Nilipotoka ndipo nikaja kwenu. Siku ya kwanza nilisema mimi naonja tu, na mzee mmoja humu ndani alicheka mpaka akafuta machozi, kwa sababu naye kumbe alikuwa akionja gongo alilopika mwenyewe. Mzee huyo alikuja kwangu na baiskeli kila Jumamosi kwa miezi minane. Mzee wangu, asante sana.

Upande wa kijana walisubiri. Wangeweza kwenda kwingine, hakuna ambaye angewalaumu, lakini walisubiri. Shemeji naye alikuja kama alivyosema. Nyama aliikata jirani yangu, mimi nikabeba sinia kwa mikono miwili nikamwekea mbele yake. Akaipokea. Akasimama, akaweka mkono kichwani kwa binti, akambariki. Nikaanza kulia na nikashindwa kunyamaza. Wageni wakatazamana, wakadhani nimerudia pombe, ikabidi mke wangu awaeleze kwamba hapana, leo analia tu.

Leo nachoma nyama bado. Mteja akiniuliza hii inafaa na kinywaji gani, namwambia amuulize mhudumu. Funzo langu ni dogo. Kama kuna mtu hapa amejipatia neno la upole kwa kitu anachokifanya kila siku, amuulize mke wake, au mume wake, wao wanakiitaje.

Nawashukuru hospitali, nawashukuru ninyi, namshukuru mke wangu ambaye ananionyesha saa. Shemeji nilimwomba radhi kwa magoti. Wakwe niliwaomba radhi mbele ya mashahidi. Lakini yupo mmoja sijamwomba, kwa sababu kwetu baba hamwombi mtoto radhi, na mimi nikajificha humo.

Mwanangu, uliyekaa pale nyuma na mtoto mgongoni, niliiharibu siku yako mbele ya wakwe zako. Nisamehe. Hulazimiki kunijibu hapa mbele za watu. Nitakusubiri mlangoni, na usipotaka kuongea leo, nitambeba mtoto tu mpaka stendi.

Ndugu zangu, nimefika mwisho. Naomba nikae.