Kinu Alichokiacha Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na kwenu pia, mliobanana kule mlangoni. Mmeniona nilivyoingia asubuhi hii, mgongoni mwa dada wa kwaya, bila kile kiti changu cha betri mlichokizoea. Kiti kiko nyumbani. Dizeli ya jenereta ya kuchajia betri hakuna, na nyote mnajua dizeli siku hizi inavyotafutwa. Zamani ningeona heri kukosa ibada kuliko kubebwa mbele za watu. Ndiyo maana nimeomba nafasi nishuhudie. Mama yangu yule pale anatikisa kichwa, hataki nimtaje. Nitamtaja!

Mimi ni Leokadia, mwalimu wa darasa la kwanza. Ugonjwa wa kupooza ulinipata nikiwa bado nanyonya, sijawahi kusimama. Tulikaa upande wa Mwimbi, nyumba yetu peke yake, shamba mbele, shamba nyuma. Ikaja amri tuhamie kijiji cha ujamaa karibu na Matai. Baba alitangulia na mbuzi. Mama alijitwisha kapu la mbegu na sufuria, mgongo ukabaki na nafasi ya kitu kimoja tu: mimi, au kinu alichopewa na mama yake siku ya kuolewa. Alinibeba mimi. Njiani mwanamke mmoja akatutazama, akacheka, "Ungechukua kinu, mwenzangu. Kile kingekusaidia kazi."

Ndugu zangu, neno lile liliniingia! Kila mama alipokwenda kuazima kinu kwa jirani, akakuta kinatumika, akakaa kungoja, moyoni nilisema, hii ni kwa sababu yangu. Nikachukia kubebwa. Mama alinibeba shuleni tangu darasa la kwanza hadi la saba, nami huko mgongoni nimenuna, simsemeshi mtu. Watu walisema yule mtoto ana kiburi. Hakikuwa kiburi, ilikuwa aibu.

Lakini Mungu hasahau mtu! Mama alipata kazi jikoni kwa masista, hapa Sumbawanga. Palikuwa na sista mmoja mzee aliyeishiwa nguvu za miguu, na ndugu zake wa Ulaya walikuwa wamemletea kiti kinachokwenda kwa betri. Alipokaribia kuaga dunia, akasema kiti apewe Leokadia. Siku ya kwanza nilikisukuma kile kijiti cha kuongozea, kiti kikaniondoa mbio mpaka kwenye banda la kuku. Kuku wakatawanyika, mama akalia kwa furaha. Nami nikajiambia, sasa sitambebesha mtu mzigo tena maishani.

Siku zile walimu walitafutwa kila kona, kila mtoto asome. Chuo kimoja huko Tabora kikanikubali, ila kwa sharti: nifike na chombo changu cha kutembelea, kwa kuwa hakuna wa kunibeba. Ningefika bila kiti, ningerudishwa. Na masika yalikuwa yameharibu barabara, malori yamezama matopeni. Ndege ndogo ya misheni ikakubali kunichukua. Mimi, binti wa Mwimbi, kupanda ndege!

Mama alinisindikiza uwanjani. Rubani alitupima abiria sote kwenye mizani ya mahindi, watu na mizigo. Abiria wenzangu walikuwa wawili. Mzee Salumu, mwenye duka mjini, alikwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa Tabora, na gunia lake la maharage. Mama Yustina alimfuata mwanawe aliyelazwa hospitali huko, amebeba unga wa ulezi na samaki wakavu wa ziwani, migebuka. Mnajua kwetu: mtu haendi ugenini mikono mitupu. Afadhali asiende.

Rubani akakizunguka kiti changu, akaonyesha betri. "Hii haipandi. Maji yake makali, yakimwagika humu yatakula bati la ndege."

"Betri isikusumbue," akasema Mzee Salumu. "Ni kama ya lori tu. Mdogo wangu Tabora ana malori, atamfungia nyingine."

Betri ikafunguliwa, nikashukuru Mungu. Rubani akapima tena. "Uzito bado umezidi. Kiti kibaki, au mtu abaki."

Nikasema upesi, "Nibaki mimi." Moyo uliniuma, chuo kilikuwa kinaniponyoka hivihivi naona. Lakini sikutaka mtu mwingine apoteze kitu kwa ajili yangu.

Mzee Salumu alilishusha gunia lake, akaliweka kwenye majani. "Mjukuu mwenyewe hana meno," akasema. "Maharage ya nini?"

Mama Yustina alisita. Mwanawe alikuwa mgonjwa, ametamani chakula cha nyumbani, na unga ule aliusaga kwa mkono wake. Machozi yakamlenga. Kisha akauweka chini unga pamoja na samaki, akabakiza mgebuka mmoja, akamfunga kwenye pindo la khanga. "Mwanangu anataka kuniona mimi," akasema. "Ulezi ataukuta nyumbani akipona."

Hapo nikapiga kelele. "Wazee wangu, chukueni vitu vyenu! Mama alishaacha kinu kwa ajili yangu, inatosha!"

Mama yangu akashangaa. "Kinu gani?"

"Kinu cha bibi. Siku tuliyohama."

Kwanza alicheka. Halafu akapiga magoti kwenye majani mabichi, uso wake ukawa sawa na wangu. "Leokadia, kumbe umekibeba kinu kile miaka yote hii? Mimi nilikiacha palepale, wala sikugeuka kukitazama. Kinu hakijawahi kuniita mama."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa! Miguu yangu ni ileile, mnaiona. Lakini neno la yule mwanamke lilinitoka na halijarudi tena. Kiti kikapimwa, kikakunjwa, kikaingia. Mama akanigeuzia mgongo ili anipandishe ndegeni. Nikaweka shavu langu shingoni mwake, na siku hiyo sikununa.

Barabara ilipokauka, mama alimpakilia dereva wa lori la Tabora maharage yote ya Mzee Salumu. Ulezi aliutunza mpaka Mama Yustina aliporudi na mwanawe, mzima kabisa. Nami nilimaliza chuo. Kwa mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia mama kinu. Alikigonga, akakizungusha, akasema mti wake mbichi, kitapasuka. Ndivyo alivyo!

Namshukuru Mungu, nawashukuru wale wazee wawili. Na wewe unayekaa hapo ukikumbuka vyote walivyokosa watu kwa ajili yako, nakusihi, utue huo mzigo leo. Hawakuviacha kwa kulazimishwa. Walikutazama, wakakuchagua wewe! Mwamini Mungu aliyekuwekea mgongo wa mtu, na ukiinamishiwa, panda. Nanyi dada zangu wa kwaya, ibada ikiisha msinikimbie. Nyumbani ni mbali, na mimi nimenenepa. Amina!