Mzee Antipasi Mughwai na Mikutano ya Kwenye Uwele

Tarehe 30 Juni 1977, baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi, Mzee Antipasi Mughwai anakabidhi funguo za ofisi yetu hapa Singida. Anayeandika haya ni Leah Philipo, mpiga chapa wake tangu mwaka 1966, na nakiri mapema kwamba siandiki kwa furaha.

Mzaliwa huyu wa Ilongero alianza kazi akiwa karani. Mwaka 1963 akafanywa katibu wa Kamati ya Mashauriano, ile inayoikalisha serikali meza moja na misheni, msikiti, ushirika, chama cha wafanyakazi na akina mama, wakubaliane kijiji kipi kianze kupata shule, kisima au zahanati. Aliyezidisha maneno aligongewa kengele ya baiskeli, ambayo Mzee aliifungua kwenye usukani na kuiweka mezani. Padri aligongewa, shehe aligongewa, na wakubwa wa serikali ndio waliogongewa zaidi.

Aprili 1968 Kamati ilijadili kijiji cha Mgori: shule kwanza au zahanati? Wajumbe wa akina mama, Bibi Anastazia na mdogo wake Cecilia, wenyeji wa huko huko, hawakufika. Mzee aliandika kwa mkono wake kwamba akina mama hawana pingamizi, nami nikapiga chapa. Shule ikapita.

Februari iliyofuata Cecilia alishikwa na uchungu wa uzazi. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali ya misheni, akafia njiani pamoja na mtoto.

Matanga yalipokwisha, Bibi Anastazia alikuja ofisini. Alitoa shikamoo, akaketi, akasema: "Ndugu Katibu, pingamizi tulikuwa nalo. Siku ile tulikuwa shambani tunafukuza ndege."

Sote tulijua kwamba Aprili uwele unakomaa, na mwanamke akitoka shambani hata asubuhi moja, ndege wanamaliza chakula cha mwaka. Tulijua, na tarehe tukaipanga hivyo hivyo.

Tangu hapo kila Aprili alipanda baiskeli na daftari lake, akawafuata akina mama huko huko. Alipanda juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba, akashika kombeo na kufukuza ndege yeye ili mwenye shamba apate nafasi ya kusema. Shabaha hakuwa nayo kabisa. Mwaka 1971 alipasua kibuyu cha maji cha wenyewe, akalipa kwa kuku.

Zahanati ya Mgori aliiweka ajenda ya kwanza kila mkutano kwa miaka minane. Ukame ukaisukuma nyuma, kuhamia vijijini kukaisukuma tena. Watu walichoka kuisikia, yeye hakuchoka.

Mwezi uliopita imefunguliwa. Alikataa kukata utepe, akampa mkasi Bibi Anastazia. Juma lile lile akazaliwa humo mtoto wa kike, yeye na mama yake wazima. Tulimpelekea Mzee habari hiyo tukicheka. Alitushukuru, akafunga mlango, tukamsikia analia.

Mzee wetu, ahsante kwa kutufundisha kumfuata asiyeweza kuja. Ofisi itapwaya bila wewe. Bibi Anastazia ameniomba niandike hapa kwamba alikwisha kukusamehe siku nyingi, ila hukuwahi kumuuliza. Tunakutakia maisha mema huko Ilongero, na tunakuomba nawe ujisamehe.